Tuwafundishe kupika watoto wa vitengo vya elimu maalum, tusiishie kuwatuma maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowahusu watoto wenye ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo, uziwi na upofu wanaosoma katika vitengo vya elimu maalum na katika shule jumuishi hapa nchini. Mimi ni mwalimu wa kitengo cha namna hiyo katika shule moja ya msingi wilayani Muheza, na kwa miaka 14 sasa nimekuwa nikiulizwa na wazazi swali moja ambalo halimo katika mtihani wowote. Huliuliza wakiwa wameshaaga na kufika mlangoni, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie: "Mwalimu, siku mimi nikiondoka duniani, huyu nani atampikia?"

Kwa muda mrefu sikuwa na jibu. Nilikuwa nikiwafariji kwa kuwatajia shangazi, kaka na majirani, nao walikuwa wakiitikia kwa adabu, ingawa waliwajua ndugu zao kuliko nilivyowajua mimi. Leo jibu langu ni kwamba mtoto huyo, kwa kiwango chake, anaweza kujipikia mwenyewe, ila ni lazima afundishwe, na kufundishwa huko hakuji kwa kumwacha ashinde jikoni akitazama wakubwa. Kwa hiyo naandika kuomba kwamba upishi na stadi za kujitegemea viwe somo kamili katika kila kitengo, lenye vipindi kwenye ratiba, vyombo vyake, fedha ya kununulia chakula cha kufundishia, na kumbukumbu ya maendeleo ya kila mtoto.

Wengi wanaolisikia ombi hili, wakiwamo walimu wenzangu, hunijibu kwamba stadi hizo zinafundishwa tayari. Hunionyesha watoto wa kitengo wakifagia uwanja, wakiteka maji ya ofisini na kuosha vikombe vya chai vya walimu baada ya mapumziko. Nasema kwa heshima zote kwamba hiyo ni kazi wanayowafanyia wengine, na mtoto anayeosha vikombe 20 vya watu wazima kila siku kisha akarudi nyumbani hajui kujitengenezea kikombe kimoja cha chai, amezoezwa utumishi tu. Mimi hujiuliza jambo moja ninapopita na kuwaona wanafanya kazi: kazi hii ikiisha, nani anafaidi? Ikiwa mtoto mwenyewe hafaidi hata tonge, basi tusiiandike kwenye taarifa zetu kuwa ni stadi za maisha.

Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, neno hilo limekuwa la kila shule nchini, na katika shule nyingi likachukua maana ya shamba, bustani na mabanda ya kuku. Sina ugomvi na shamba. Lakini kwa watoto ninaowafundisha neno kujitegemea lina maana ya karibu zaidi, yaani kujisafisha, kuvaa nguo upande ulio sahihi, kwenda dukani na kurudi na chenji, kuwasha moto na kuuzima, na kula chakula ulichokipika kwa mikono yako.

Naomba nieleze somo lenyewe linavyokwenda, kwa sababu asiyeliona hudhani kwamba ni mchezo wa kupikapika.

Nilikuwa na kijana wa miaka 14 mwenye ulemavu wa akili, ambaye pia mkono wake wa kushoto ulikuwa dhaifu. Alikuwa hajui kusoma wala saa, na hesabu zake ziliishia tatu. Tulikubaliana na mama yake kwamba tuanze na ugali. Mtu anayesonga ugali kila siku atakuambia kwamba kazi yenyewe ni kuchemsha maji, kutia unga na kusonga. Mimi na mwalimu mwenzangu tuliinjika sufuria tukapika polepole huku tukiandika kila kitendo cha mkono, na tukapata hatua 23. Ilimo hatua ya kukunja mikono ya shati, hatua ya kugeuza mpini wa mwiko usielekee motoni, na hatua ya kufunua mfuniko kwa kuuinua kwanza upande wa mbali ili mvuke utokee huko usimchome usoni. Sisi hatua hizo tunazifanya bila kujua kwamba tunazifanya, na ndiyo sababu tunapomwambia mtoto "tazama ninavyofanya" yeye huona mikono inayokwenda mbio asijue ashike lipi. Kila hatua tuliichorea kadi, tukazifunika kadi kwa nailoni, tukazibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Akimaliza hatua moja, anageuza kadi yake, anatazama inayofuata.

Kisha tukaanza kumfundisha kutoka mwisho. Kwa wiki mbili za kwanza sisi ndio tuliopika, na yeye alifanya hatua moja tu, ile ya 23, ya kuupindua ugali kwenye sahani iliyolowanishwa maji na kuuweka mezani. Wiki zilizofuata akaongezewa ya kuepua, kisha ya kugandamiza ugali ukutani mwa sufuria, na hivyo hivyo tukirudi nyuma hadi kufika kwenye kunawa mikono. Wageni hushangaa kwa nini tunaanzia mwisho. Mtoto aliyeanzishwa na hatua ya kwanza huteka maji, kisha huondolewa jikoni na wengine wakamalizia. Kila siku yeye ni mtu wa kuanza na kunyang'anywa. Aliyeanzishwa na hatua ya mwisho hukimaliza chakula kila siku, akakipakua na kukila, na hamu ya kujifunza hatua iliyotangulia huja yenyewe.

Hatua iliyotusumbua kuliko zote ilikuwa ile ya kujua kwamba maji yamechemka. Aliona viputo vidogo chini ya sufuria akafurahi, akamimina unga, tukapata mabonge mabichi. Hili lilijirudia siku nyingi. Tulijaribu kuhesabu pamoja naye, tukajaribu wimbo, hatukufika popote. Mwisho ni yeye mwenyewe aliyetupatia jibu, maana siku moja mfuniko ulipoanza kugongagonga ukingo wa sufuria kwa nguvu ya mvuke, alicheka na kuuonyesha kwa kidole. Kuanzia siku hiyo kadi ile tuliichora upya ikawa na picha ya mfuniko unaocheza, na mabonge yakakoma. Tatizo la mkono lilimalizwa na fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni, aliyetutengenezea pete ya nondo yenye meno matatu juu ya jiko la mkaa; sufuria ikikaa humo haizunguki wala haihitaji kushikwa, na mkono mmoja unatosha kusonga. Fundi yule hakututoza kitu, na naona vema niseme hivyo hadharani.

Ilituchukua mihula miwili. Siku aliyopika peke yake tangu kadi ya kwanza hadi ya mwisho, walimu wa madarasa mengine walikuja kusimama dirishani.

Baada ya hapo ndipo nilipopata funzo langu. Jumamosi iliyofuata mama yake alimwachia jiko nyumbani, akakaa kusubiri. Kijana alisimama mbele ya mafiga bila kufanya kitu hadi moto ukafifia. Mama alikuja shuleni Jumatatu, hakuja kwa hasira bali kwa huzuni, akaniambia kwamba labda niliona nilichotaka kuona. Nilipofuatilia nikagundua kwamba kosa lilikuwa langu. Sufuria ya shule ilikuwa na mstari niliokwaruza ndani kwa msumari kuonyesha kiasi cha maji. Ya nyumbani haikuwa nao. Shuleni unga ulipimwa kwa kopo la bluu. Nyumbani lilikuwako bakuli la bati. Shuleni tulikuwa na jiko lenye pete. Nyumbani kulikuwa na mawe matatu na kuni. Kijana yule alikuwa amejifunza kupika ugali wa shule, na kwake yeye ugali wa nyumbani ulikuwa kitu kingine kabisa. Watoto wenye ulemavu wa akili, na wengi wenye usonji, hawahamishi ujuzi kutoka mahali hadi mahali kwa urahisi kama wengine, na mwalimu asiyelijua hilo atamfurahisha mkaguzi na kumwacha mzazi palepale alipokuwa.

Nilimwomba mama alete sufuria yake na bakuli lake. Nikaikwaruza sufuria ile kwa msumari uleule, kamba ya kadi tukaigawa ikawa mbili, moja ikaenda kutundikwa jikoni kwao, na mimi nikaenda mara tatu nyumbani kwao jioni tukapika pamoja juu ya mafiga. Tangu wakati huo katika kitengo chetu hakuna mtoto anayefundishwa kupika kwa sufuria ya shule. Kila mmoja ana sufuria iliyotoka kwao, nazo ukizitazama rafuni hazifanani hata mbili.

Nimeeleza habari ya mtoto mmoja kwa urefu kwa sababu ndiyo ninayoijua vizuri, lakini kila ulemavu una njia yake jikoni. Mwanafunzi asiyeona hufundishwa kusikiliza na kunusa: mafuta yaliyopata moto hulia yakidondoshewa kipande kidogo cha kitunguu, na kitunguu kinachokaribia kuungua hutoa harufu tofauti na kinachoiva. Akiweka vyombo vyake katika mpangilio mmoja usiobadilika, na kila aliyemo nyumbani akauheshimu mpangilio huo, hahitaji mtu wa kumwelekeza; anachokihitaji ni sisi tunaoona tuache kuhamisha chumvi. Sahani yake huelezewa kama uso wa saa, kwamba nyama iko saa sita na mboga iko saa tatu. Mwanafunzi kiziwi hasikii maji yanayofurika nyuma yake, hivyo hufundishwa kutolipa kisogo jiko. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, misumari miwili iliyopigiliwa kwenye ubao wa kukatia hushika kitunguu mahali pa mkono wa pili, na kitambaa kibichi chini ya bakuli hulizuia lisiteleze. Hivi vyote havihitaji mfadhili kutoka nje.

Mwenye kifafa ndiye anayehitaji uangalifu mkubwa zaidi, na hapa sitaki nichukuliwe kwamba napuuza hatari. Kuanguka motoni wakati wa kifafa kumewaachia watu wengi makovu ya maisha, na wanaoishi maeneo kama Mahenge, ambako ugonjwa huo umekuwa mwingi kwa vizazi, wanalijua hilo bila kuambiwa. Mtoto wa namna hiyo asipike peke yake, asikae karibu na moto ulio wazi chini, na dawa zake zisikatizwe. Hata hivyo anaweza kukatakata, kuosha, kukanda, kupima, kuunga viungo na kupakua, na akijua hayo tayari anashiriki katika chakula chake, haketi tu akisubiri kuletewa.

Katika shule niliyofundisha kabla ya hii, mtoto mmoja aliungua vidole viwili akiepua uji. Malengelenge yalipona ndani ya wiki mbili, lakini amri ya kuwazuia watoto wote wa kitengo wasikaribie jiko ilidumu hadi nilipohama. Naielewa hofu ya uongozi, maana mtoto akiumia shuleni mzazi ana haki ya kuuliza. Lakini watoto wale waliendelea kurudi kila jioni kwenye nyumba zenye mafiga, vibatari na majiko ya mkaa, wakiwa hawajafundishwa lolote, na huko hakuna amri iliyowalinda. Kilichohitajika ni kitambaa kinene cha kuepulia, idadi ya watoto isiyozidi watatu kwa mwalimu mmoja wakati moto unawaka, na kila mtu mzima kujua kwamba aliyeungua huwekwa chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala hapakwi dawa ya meno, mafuta wala unga.

Jambo jingine linalonifanya niandike sasa ni mabadiliko yanayoendelea majikoni kote nchini. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, na tayari majiko ya gesi yanaingia mashuleni na majumbani. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote, kwa kuwa moshi umewaumiza mama zetu vya kutosha, na jiko la mkaa lililofungiwa ndani ya chumba limewaua watu usingizini. Lakini mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyezoea kuuona moto wa kuni hana namna ya kubahatisha kanuni za gesi. Kuni ikizimwa imezimwa. Gesi iliyozimwa na upepo inaendelea kutoka bila kuonekana. Gesi ya mitungi kwa asili yake haina harufu, ile tunayoinusa imetiwa makusudi ili itutahadharishe, na kwa sababu ni nzito kuliko hewa hutuama chini sakafuni. Basi mtoto afundishwe kwa vitendo, mara mia ikibidi, kwamba kiberiti huwashwa kwanza na gesi hufunguliwa baadaye. Kwamba akisikia harufu ile hufunga mtungi, hufungua mlango, hawashi kitu, na huita mtu. Katika kitengo chetu tunamfundishia kwa mtungi wa kilo 6 usio na gesi ndani kabla ya kumkaribisha kwenye wenye gesi. Ninachoomba ni kwamba kila shule yenye kitengo inapofungiwa jiko kubwa la gesi la wapishi, bajeti ileile inunue pia jiko moja dogo la kufundishia. Likisahaulika sasa, halitakumbukwa tena.

Upishi hauanzii jikoni, unaanzia sokoni. Kila Alhamisi tunakwenda sokoni na watoto wanne. Wasiojua namba huzitambua noti kwa rangi: ya shilingi 1,000 ni ya bluu, ya 2,000 ya kahawia, ya 5,000 ya zambarau na ya 10,000 nyekundu. Mtoto hubeba kadi yenye picha ya fungu la nyanya upande mmoja na picha ya noti upande wa pili, akazifananisha, akalipa, akasubiri chenji huku ameunyoosha mkono. Kusubiri chenji kulituchukua muda mrefu kufundisha kuliko kulipa. Kina mama wa sokoni wamekuwa walimu wenzetu. Mwanzoni walikuwa wakiwapa watoto nyanya bure kwa huruma, nasi tukawaomba wasifanye hivyo, wawauzie kama wateja wengine na wawakatalie fedha isipotosha. Mmoja wao aliniambia kwamba kumkatalia mtoto yule kulimwuma. Nilimshukuru kwa kuvumilia.

Huruma hiyohiyo ndiyo inayowafunga watoto wengi majumbani. Nimeona binti wa miaka 17 mwenye afya njema ya viungo akilishwa kwa kijiko na bibi yake, kwa mapenzi makubwa, kwa sababu alipokuwa na miaka mitatu alikuwa hawezi kushika kijiko na tangu hapo hakuna aliyejaribu tena. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa watoto hawa usemi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa wanahitaji miaka mingi zaidi kujifunza jambo lilelile. Kuanza wakiwa na miaka 15, wakati wanakaribia kuondoka shuleni, ni kuchelewa mno. Mtoto wa miaka sita anaweza kuchambua mchicha, kumenya ndizi mbivu na kupanga vijiko.

Naomba pia wavulana wasiachwe. Katika kitengo chetu baadhi ya kina baba walipinga watoto wao wa kiume kushika mwiko, hadi nilipowauliza wao wenyewe chapati wanayokula kila asubuhi pale stendi inapikwa na nani. Kwa upande wa wasichana, stadi za kujitegemea zijumuishe hedhi, yaani kutambua siku, kubadilisha pedi, kunawa na kutupa mahali panapofaa, na kujua ni sehemu gani za mwili ambazo mtu mwingine haruhusiwi kugusa. Hili ni la kufundishwa na mwalimu wa kike, kwa faragha na kwa kurudiarudia.

Kuhusu fedha, sitaficha kwamba hapo ndipo tunapokwama. Kipindi kimoja cha ugali na mchicha kwa watoto sita kinahitaji unga, mboga, mafuta, kitunguu, chumvi, mkaa na sabuni. Si fedha nyingi, lakini ikiwa ni mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, haiwezi kutoka mfukoni mwa mwalimu, nako ndiko inakotoka sasa. Mwalimu wa sayansi akiomba chupa za maabara anaeleweka. Mwalimu wa kitengo akiomba kilo mbili za unga anatazamwa kama anayetafuta chakula cha mchana. Unga kwetu ndio chaki. Na kwa kuwa wageni wanaokuja kutukagua huomba madaftari, na upishi hauna daftari, sisi tumejitengenezea karatasi ya kila mtoto yenye hatua zote na safu tatu: amefanya kwa kushikwa mkono, amefanya kwa kuelekezwa, amefanya mwenyewe. Karatasi hiyo inaeleza maendeleo ya mtoto kuliko ukurasa uliojaa herufi "a" alizofuatisha kwa kushikiwa penseli. Iko tayari kwa mwalimu yeyote atakayeitaka.

Haya si maombi ya hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja katika ibara ya 19 haki ya kuishi kwa kujitegemea na kuwa sehemu ya jamii, na katika ibara ya 24 unazitaka nchi ziwawezeshe watu wenye ulemavu kujifunza stadi za maisha. Mwaka uliofuata tulipata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Jirani zetu wa Kenya, katika mtaala wao wa umilisi, wametenga shughuli za maisha ya kila siku kuwa eneo la kujifunzia kwa wanafunzi wasiofuata mtaala wa kawaida, likiwa na vipindi vyake. Walimu wetu wanaotoka Chuo cha Patandi, Arusha, kinachofundisha walimu wa elimu maalum, wanafika vituoni na ujuzi wa kuigawa kazi katika hatua ndogo ndogo. Wakifika wanakuta darasa, ubao na madawati, hakuna jiko, na ujuzi ule unalala.

Ombi langu kwa maofisa wa elimu maalum katika halmashauri ni kwamba watakapoandaa bajeti ijayo watenge kifungu cha chakula cha kufundishia kwa kila kitengo, hata kiwe kidogo, na wakipe jina hilohilo ili kisichanganywe na uji wa shule. Kwa wakuu wa shule, naomba vipindi viwili vya mfululizo kwa wiki, kwa kuwa ugali hauivi kwa dakika 40 mikononi mwa mtoto anayejifunza, na naomba vikombe vya walimu vioshwe na walimu. Kwa wazazi na walezi, naomba mtuletee sufuria zenu, na siku mtoto atakapoanza kupika nyumbani mtoke jikoni mkae karibu, mahali mnapoweza kumsikia bila kumwona. Hilo la mwisho ndilo gumu kwao kuliko yote. Mama wa kijana niliyemtaja aliniambia kwamba kwa miezi ya mwanzo alikuwa akikaa kibarazani ameshika ukindu wake wa kusuka, lakini hasuki, anasikiliza mfuniko.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa kitengo cha elimu maalum,
Muheza, Tanga.